Mikunjo ya Mwalimu Maisara

Watu wa Michenzani wakitaka kumtania Mwalimu Maisara Tahir walikuwa wakimwambia kwamba darasa lake linasikika hadi bandarini. Yeye kwa miaka ishirini na sita hakuona kuwa huo ni utani, aliona ni sifa. Darasa lake la pili likishika somo, watoto hamsini na mbili kwa sauti moja, walimu wa vyumba vya jirani hawakuwa na la kufanya ila kungoja limalize. Wazazi waliopita nje ya skuli walisimama wakasikiliza, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mwalimu alitangulia, watoto wakafuata. Akisema mstari, wanausema. Akisema ukurasa, wanausema. Ikifika katikati ya mwaka, kitabu kizima kimo vichwani mwao, na wanakisoma macho yako darini, miili inayumba kidogo kama wafanyavyo chuoni wanapohifadhi sura za Kurani.

Yeye mwenyewe alisomeshwa hivyo kwao Uroa, katika skuli ya vyumba vitatu iliyokuwa na kitabu kimoja kwa watoto saba. Alishika, akasoma, akapasi, akaja mjini kusomea ualimu, akaolewa na Mzee Ubwa, wakapata nyumba ya ghorofa ya tatu Michenzani, na hapo ndipo alipo mpaka leo. Na kwa kuwa yeye alijua kusoma, hakuwahi kujiuliza wale wenzake sita wa kitabu kile walikwenda wapi. Hilo ndilo kosa lake, na ni bora lisemwe mapema, maana yeye mwenyewe halifichi siku hizi.

Jumatatu moja alikuja afisa wa elimu wa wilaya, Bi Khatun, mama wa makamo kutoka Mji Mkongwe, mtu wa maneno machache na adabu nyingi. Alikuwa na bahasha ya karatasi za upimaji. Kila karatasi ilikuwa na picha ya mbuzi, na chini yake mistari mitatu ambayo haikutoka katika kitabu chochote cha skuli. Alitaka kila mtoto aje peke yake mezani asome kwa dakika moja.

Mwalimu Maisara hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alimwita kwanza Sumaiya, nyota wa darasa, apate kumfurahisha mgeni. Sumaiya akaishika karatasi, akamwona mbuzi, akainua macho yake darini akaanza: "Mbuzi wa bibi amekula mchicha wote. Bibi amekasirika. Bibi amechukua fimbo." Sauti safi, hakukwama hata mara moja. Tatizo ni kwamba hilo lilikuwa somo la kitabu chao, na kwenye karatasi ile hapakuwa na bibi, hapakuwa na mchicha, wala hapakuwa na fimbo. Pameandikwa kwamba mbuzi wa Faizal amepotea na watoto wanamtafuta pwani.

Bi Khatun akamwambia kwa upole, "Mwanangu, hebu nioneshe neno mchicha liko wapi."

Sumaiya akaweka kidole juu ya "wanamtafuta", akatabasamu.

Wakaja wengine. Wote walikuwa wameshamwona mbuzi, na wote walikuwa wanamjua ni mbuzi wa nani. Mmoja aliishika karatasi juu chini na bibi akakasirika vilevile. Katika hamsini na mbili, sita walisoma kilichoandikwa. Mwalimu Maisara alikuwa amesimama karibu na dirisha. Kila mtoto alipofungua mdomo alitamani amtupie neno la kwanza tu, apate kuendelea. Akajizuia, na katika kujizuia kule ndipo alipofahamu kwamba kwa miaka yote ile alikuwa akiwatupia neno la kwanza, na la pili, na la mwisho.

Ofisini, mwalimu mkuu, Wakil, kijana wa umri wa kuweza kuwa mwanawe, alisema huku anatazama meza. Bi Khatun atarudi baada ya wiki nane, kabla ya skuli kufungwa kwa Ramadhani, na karatasi nyingine. Nusu ya darasa wakiweza kusoma, yaani watoto ishirini na sita, basi mambo yabaki yalivyo. Wasipoweza, darasa la pili litapewa mwalimu mwengine, na yeye atashika ghala ya vitabu mpaka astaafu.

"Ni kazi nyepesi, mwalimu," Wakil akamwambia. "Hutakuwa unapaza sauti tena."

"Mimi sauti sijaichoka," akajibu Maisara.

Mzee Ubwa, alipoelezwa jioni ile, aliona ghala si jambo baya. Alikuwa mtu wa amani, ameshastaafu bandarini, na kwake yeye kila kazi ya kukaa ilikuwa nzuri kuliko ya kusimama. "Imebaki miaka saba tu, mke wangu. Si ukae ukapumzika?"

"Miaka saba ni watoto mia tatu na sitini na nne," akasema Maisara. "Nshapiga hesabu ngazini nikipanda."

Basi akajikaza. Vitabu vya kiada akavifungia kabatini, na darasa likawa kimya kwa mara ya kwanza tangu lijengwe. Walimu wenzake wakadhani anaumwa. Akaanza upya na kitu alichokisoma chuo cha ualimu akakidharau: silabi. Akawafundisha kuweka kiganja chini ya kidevu na kutamka polepole, na kila kidevu kikishuka, hiyo ni silabi moja. Ka-ra-fu-u, nne. Chu-ngwa, mbili. Wakafika kwenye mchicha, wakabishana, kwa sababu ile m ya mwanzo haikishushi kidevu. "Huyu ni mkaidi," akawaambia, "anasimama peke yake bila msaada. Mhesabuni." Wakampenda m kwa ukaidi wake.

Maneno mafupi yakaenda vizuri. Yale marefu ndiyo yaliyowashinda. Mtoto akiliona neno kama "wanatayarisha" alitazama mwanzo wake, akakisia mwisho, akasema "wanatazama" na kuendelea na safari yake. Mwalimu Maisara akaona dawa ni kuwavunjia. Akachukua maboksi dukani kwa Hasanali aliye mkabala na skuli, akayakata vibamba, akaandika kila kibamba neno refu moja, akagawa mikasi. Watoto wakalikata neno silabi kwa silabi, wakazipanga juu ya dawati, wakazisoma moja moja, kisha wakazisogeza pamoja. Yalikuwa makelele ya mikasi na furaha. Mwalimu Zuleikha wa chumba cha pili, binti mwenye ulimi mwepesi, akachungulia na kusema, "Mwalimu, umefungua kiwanda cha ushonaji?" Maisara akamwambia apite, hata yeye atapimwa suruali.

Wiki ya tatu akafanya jambo aliloliona la busara kabisa. Maneno marefu kuliko yote ambayo watoto wale walikuwa nayo yalikuwa majina yao. Akayaandika kwenye vibamba, mmoja mmoja, akawaambia kila mtu akate lake.

Mikasi ikaanza. Mtoto mmoja tu aliweka mikono nyuma. Alikuwa Ummukulthum, binti wa miaka minane, mdogo wa umbo, ambaye darasani alikuwa hajulikani kwa lolote ila kwa kukaa kimya. Katika upimaji wa kwanza hakusema habari za bibi wala za Faizal. Aliitazama karatasi dakika nzima bila ya kufungua mdomo.

"Ummukulthum."

"Naam, mwalimu."

"Mbona hukati?"

Mtoto akatazama chini. "Hili ni jina la binti wa Mtume. Chuoni tumekatazwa. Karatasi yenye majina hayo haichanwi na haitupwi chini. Tunaiweka kwenye mfuko ukutani."

Darasa zima wakatazamana. Abdulrahman wa dawati la mbele, ambaye alishajikata vipande vitano na kipande kimoja kilikuwa chini ya kiatu cha jirani yake, akaanza kulia. Ndani ya dakika moja watoto wote wako chini wanaokota vipande vya majina, wanavibusu na kuviweka kwenye paji la uso, wengine wanaomba gundi. Mwalimu Maisara akasimama katikati yao na mkasi wake mkononi, aibu imempanda. Yeye ni mtoto wa chuo pia. Nyumbani kwake karatasi za namna hiyo ziko kwenye mfuko juu ya kabati. Wiki tatu za kuona mambo yanaenda zilimsahaulisha alilofundishwa akiwa na miaka mitano.

Akayakusanya mabaki yote kwa mkono wake, akayatia kwenye bahasha, akaufungia mkasi. Jioni ile aliandika barua kwa wazazi kuomba radhi na kuwaeleza kwamba majina hayatakatwa tena. Akaomba pia ruhusa ya kubaki na watoto saa moja baada ya masomo.

Asubuhi yake mama yake Ummukulthum akaja. Alikuwa Sichana, muuza bajia wa chini ya jumba la tatu Michenzani, na zamani alikuwa mwanafunzi wa Maisara mwenyewe, tena si mwanafunzi hivi hivi. Siku ya wazazi mwaka wa tisini na tisa, Sichana alisimama mbele ya umati akasoma masomo matatu mfululizo bila ya kukosea, akapewa beseni na madaftari sita. Maisara aliitaja siku ile mara nyingi kwa walimu wapya.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe kwa jambo la jana. Nimeandika yote humu, soma."

Akampa karatasi kutoka mezani. Sichana akaipokea kwa mikono miwili, macho yake yakatembea mstari kwa mstari bila ya haraka, akatikisa kichwa mahali panapostahiki. Akairudisha. "Nshaisoma, mwalimu. Nimefahamu. Sina kinyongo, na nimeridhia." Akaaga akaenda kwenye bajia zake.

Mwalimu Maisara alipokaa kitini akaiona barua ya wazazi iko pale pale juu ya meza. Alichompa Sichana kilikuwa orodha ya chaki, madaftari na makufuli ambayo alitakiwa aipeleke ofisini.

Kengele ikalia, watoto wakaingia, naye hakusikia. Alimwona Sichana mdogo mbele ya wazazi, macho darini, anayumba kidogo. Hakuwa na wa kumlaumu ila yeye mwenyewe.

Mchana hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja chini ya jumba la tatu. Sichana alikuwa na karai yake, chatne ya nazi pembeni, na rundo la kurasa za madaftari ya zamani ya kufungia bajia. Wateja walikuwa wamepungua. Maisara akavuta kigoda akakaa.

"Sichana, karatasi ya leo asubuhi ilikuwa inasema nini?"

Sichana akageuza bajia. Akazigeuza tena, ingawa zilikuwa tayari. "Mwalimu, kwani umejua?"

"Nimejua leo. Ilikuwa nijue zamani."

"Ulikuwa unatangulia, tunakufuata," akasema Sichana, na sauti yake haikuwa ya lawama, ndiyo ikamkata zaidi mwalimu. "Nikikusikia mara mbili, nshashika. Nilipofika la tatu mwalimu hakutangulia. Akatwambia someni. Nikatazama kitabu, sikuona kitu. La tano nikaacha." Akafunga bajia sita za mteja, akampa. "Dawa za huyu mtoto nnazijua kwa rangi. Wakibadilisha chupa, nnakwenda kwa jirani nikamwambia miwani yangu imevunjika. Sina miwani, mwalimu. Sijapata kuwa nayo. Ummukulthum kanirithi kichwa kizito, ndivyo wanavyosema watu. Hana kichwa kizito. Anakataa kusema asichokiona. Mimi nilikuwa nasema."

Maisara akabaki kutazama mikono ya Sichana, maana uso wake hakuweza kuutazama. Mikono ile ilikuwa inakunja karatasi: mkunjo mmoja, wa pili, wa tatu, haraka, bila ya kuitazama. Kwenye ukurasa ule palikuwa na maandishi makubwa ya mtoto fulani, kichwa cha habari cha insha, na kila mkunjo ulipopita ulifunika sehemu ya neno, ikabaki sehemu tu nje. Kwanza ilibaki "sikukuu". Kisha "siku". Kisha "si".

"Hebu simama hapo," akasema Maisara. "Fungua mkunjo mmoja."

Sichana akafungua.

"Na mwengine."

Akafungua, akimtazama mwalimu wake kwa mashaka, kama mtu anayejiuliza kama jua la leo halikuwa kali mno. Maisara akazichukua kurasa kumi za madaftari, akazilipa kwa kununua bajia ambazo hakuzila, akaondoka bila ya kuaga vizuri.

Kesho yake darasani hakukuwa na mkasi. Alichukua kibamba cha karatasi laini, akaandika Ummukulthum kwa herufi kubwa, akakikunja kwa zamu, mbele na nyuma, ikabaki silabi moja tu usoni. Akamwita mtoto mezani.

"Hili halichanwi," akamwambia. "Limekunjwa tu. Liko zima. Lifungue polepole, na usiende mbele mpaka umesema ulichokiona."

Ummukulthum akaligeuza mkononi, akahakikisha halina mpasuko. Kisha akasoma. "Um." Akafungua. "Mu." Akafungua. "Kul." Hapo akakaa. Mwalimu Maisara akauma meno. Lile neno lilikuwa limeshamfika kwenye ncha ya ulimi, ni jina la mtoto mwenyewe, kulikuwa na ubaya gani kumsaidia? Akaziba mdomo kwa kiganja. Mtoto akafungua mkunjo wa mwisho, akatazama, midomo ikacheza bila ya sauti. "Thum." Akarudi mwanzo akaliunganisha. Akalisoma jina lake mara tatu, kwa sauti iliyokuwa inapanda. Miaka miwili ya skuli alikuwa akilijua jina lake kwa kuitwa tu.

Kuanzia hapo ikawa kazi juu ya kazi. Mkunjo ulikuwa na faida moja ambayo mkasi haukuwa nayo: mtoto hakuweza kuuona mwisho wa neno, kwa hiyo hakuweza kuukisia. Waliokuwa wepesi wa kushika kwa sikio, kina Sumaiya, ndio waliopata tabu kubwa. Walikasirika, wakalia, wakasema mwalimu amekuwa mbaya siku hizi, hasemi. Yeye akatia pamba masikioni. Alijiwekea sharti kwamba atakayemtangulia mtoto hata silabi moja, na kwa kweli alikuwa anajisema mwenyewe, atafagia darasa. Wiki ya kwanza alifagia kila siku. Wiki ya tano alifagia mara moja.

Wakil alipita akauliza kama watoto watafika ishirini na sita. Akamwambia hajui. Akauliza tena kama haingekuwa salama kuwapa watoto hadithi kumi za mbuzi, za ng'ombe na za paka wazihifadhi, huenda moja ikaangukia. Maisara akamtazama mpaka kijana yule akakumbuka kuwa ana simu ya kupokea ofisini.

Bi Khatun alirudi siku aliyosema. Safari hii picha ilikuwa ya mwanamke shambani Kizimbani, na chini yake mistari mitatu juu ya watu wanaochambua karafuu. Watoto wakaenda mezani mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja aliyetazama dari. Walisoma kwa kukwama, kwa kurudi, kwa kidole. Wengine walisoma vizuri. Sumaiya alisoma polepole mno kwa mtoto wa sifa zake, lakini alisoma kilichokuwepo, na alipita kwa neno moja. Kipimo kilikuwa maneno ishirini kwa dakika.

Ummukulthum aliitwa karibu na mwisho. Aliipokea karatasi, na bila ya kufikiri akaanza kuikunja.

"Usiikunje, mwanangu," akasema Bi Khatun. "Hii ni karatasi ya serikali, wataisoma na wenzako."

Mtoto akasita. Ummukulthum akatazama huku na huku, kisha akaushika upindo wa ushungi wake mweupe, akaulaza juu ya mstari wa kwanza, akaufunika wote. Akausogeza kidogo. "Wa," akasema. Akausogeza. "Na." Akausogeza. "Cha. Mbu. A. Wanachambua."

Ikawa hivyo neno kwa neno. Dakika ikaisha, simu ya Bi Khatun ikalia kuashiria. Mtoto hakusikia, au alisikia akaona haimhusu. Bi Khatun akanyoosha mkono aichukue karatasi, akautazama ule ushungi unavyotambaa, akaurudisha mkono wake mapajani. Dakika ya pili ikapita, na ya tatu. Darasa zima likangoja, na mtu asiye na shida ya kusoma hawezi kujua kungoja kule kulivyo. Karibu na dakika ya tano Ummukulthum akafika kwenye nukta ya mwisho, akaushusha ushungi wake, akaurudisha begani.

"Wanachambua nini?" Bi Khatun akamuuliza.

"Karafuu. Wanaondoa makonyo. Halafu wanaanika. Mvua ikija wanazikimbiza ndani." Akaongeza, "Hapa hapakuandikwa bibi."

Bi Khatun akaangalia fomu yake. "Mwalimu, ndani ya dakika moja ni maneno manane."

"Andika manane," akasema Maisara. "Ni manane."

Jumla ilikuwa ishirini na moja. Walikosa watano. Bi Khatun alisema kutoka sita mpaka ishirini na moja kwa wiki nane si jambo dogo, na akaandika hivyo kwenye ripoti yake, lakini hakubadilisha nambari, na Maisara alimheshimu kwa hilo. Wakil akatoa ufunguo wa ghala kwenye mtoto wa meza. Aliuweka mbele ya mwalimu taratibu, kwa huruma, na huruma ile ilimuudhi Maisara kuliko kitu chochote cha mwaka mzima.

"Darasa atachukua Mwalimu Zuleikha," akasema. "Nimemwambia aendelee na mikunjo."

Maisara akauchukua ufunguo, akautia kwenye mkoba. "Ghala ina baraza," akasema. "Ina kivuli mpaka alasiri. Wale thelathini na moja waliobaki, ntawachukua kila siku masomo yakimalizika."

"Mwalimu, hilo si katika kazi yako."

"Ndiyo. Nimekwambia ntawachukua, sikukuuliza."

Wakil alikuwa na mengi ya kusema kuhusu utaratibu. Akayameza.

Siku ya kwanza skuli ilipofunguliwa baada ya Ramadhani mkeka ulitandikwa kwenye baraza ya ghala, na watoto wakaja, si thelathini na moja bali kumi na tisa, kwa sababu wengine walikuwa na chuo na wengine walikuwa na njaa. Mwalimu Maisara akawahesabu, akajiambia kesho atakwenda majumbani. Akagawa vibamba. Ummukulthum akakaa mbele. Kulikuwa na upepo, karatasi zinapeperuka, watoto wanazikalia.

Sichana akaja akiwa amebeba karai lililooshwa, amefunga kazi mapema. Maisara alidhani amekuja kumchukua binti yake. Lakini aliliweka karai ukutani, akavua makubadhi, akaingia mkekani akakaa kati ya Ummukulthum na mtoto mwengine, magoti yamemzidi nafasi. Watoto wakacheka kidogo, kisha wakaacha, kwa kuwa yeye hakucheka.

"Mwalimu," akasema, "na mimi nikunjie."

Maisara akachukua kibamba. Akaandika Sichana, akakikunja mikunjo miwili, akampa. Sichana akakishika kwa vidole vile vilivyofunga bajia elfu, na sasa vidole vilikuwa vizito, haviendi. Alikitazama kile kipande cha juu kwa muda mrefu. Ummukulthum pembeni yake aliziba mdomo kwa kiganja, kama alivyomwona mwalimu wake akifanya. Mwalimu Maisara akamwona mwanamke yule wa miaka thelathini na tatu anavyohema, akamwonea uchungu, na mazoea ya miaka ishirini na sita yakampanda mpaka kooni. Akafungua mdomo.

"Usinambie, mwalimu," Sichana akasema bila ya kuinua macho. "Nnaisoma."